Kimya Kilichohesabiwa Ndiyo: Kisa cha Kikundi cha VICOBA Kilichohamia WhatsApp

Usuli

Kikundi hiki cha kuweka na kukopa kiko pembezoni mwa Dar es Salaam. Kilianza mwaka 2014, na wakati wa mkasa kilikuwa na wanachama 27, wanawake 23 na wanaume wanne. Majina na mtaa vimeondolewa, na namba za uanachama zinazotajwa hapa zimebadilishwa.

Masharti yake ni ya kawaida kwa VICOBA. Hisa moja ni shilingi 5,000, na mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa wiki. Mfuko wa jamii, yaani wa kusaidiana, ni 1,000 kwa wiki. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba, riba ni asilimia 5 kwa mwezi, marejesho ni miezi mitatu, na mkopaji anadhaminiwa na wawili kutoka kikundi chake kidogo cha watu watano au sita. Mzunguko unaanza Januari. Desemba kikundi kinavunjwa, watu wanagawana, na fedha hiyo kwa wengi ndiyo ada na sare za shule.

Hadi Machi 2020 walikutana kila Jumapili saa tisa alasiri, barazani kwa mwanachama mmoja. Inafaa kueleza kikao chenyewe kilivyokwenda, maana kila kilichoharibika baadaye kina mzizi wake humo. Mwenyekiti aliita kwa namba. Watunza funguo watatu walifungua kufuli tatu za sanduku mbele ya watu. Kisha ikaja kumbukumbu. Katibu hakusoma daftari, aliuliza: "Namba 6, jamii tulifunga na shilingi ngapi?" Aliyekosea alilipa faini ya 500 na swali likahamia kwa mwingine. Baada ya hapo kila mmoja alisogea mezani na hisa zake, wahesabu wawili wakahesabu kwa sauti, muhuri ukagongwa kwenye kijitabu. Muombaji mkopo alisimama akaeleza anataka kufanya nini, na wadhamini wake wakasimama nyuma yake. Yote hayo yalichukua saa mbili hivi. Iliyobaki ilikuwa chai na mihogo, na watu kutoharakisha kuondoka.

Kundi la WhatsApp lilikuwepo tangu 2017, kwa matangazo ya misiba na mabadiliko ya saa. Wanachama watano walikuwa na simu za kitochi, hivyo hawakuwemo. Mmoja alikuwa amekwenda Muscat kufanya kazi za ndani, na michango yake alipelekewa na dada yake.

Mfuatano wa mambo

Machi 2020, baada ya kupatikana mgonjwa wa kwanza wa korona nchini na mikusanyiko kuzuiwa, viongozi walisimamisha vikao. Michango ikaanza kutumwa kwenye laini ya mweka hazina, namba 2. Ilikuwa laini yake binafsi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo siku ile. Wenye vitochi waliambiwa kila mmoja atafute jirani wa kumsemea.

Mwishoni mwa Juni shule zikafunguliwa. Kikundi kingeweza kurudi barazani. Mwenyekiti akaandika: "Wanaoafiki tuendelee hivi hivi waweke dole." Madole 14 yakawekwa. Wanane walikaa kimya na watano hawakuuona ujumbe. Katiba yao ilitaka theluthi mbili, yaani watu 18, kubadili utaratibu wa vikao. Hakuna aliyekumbusha. Sababu za waliokubali zilikuwa za haki kabisa: nauli, duka kufungwa Jumapili mchana, watoto wadogo. Aliyeko Muscat alifurahi kuliko wote, maana sasa alikuwa sawa na wenzake.

Mwaka wa kwanza ulipita salama kwa juu. Desemba 2020 hesabu ilipungua 31,000. Namba 2 akajaza kutoka mfukoni kwake bila kumwambia mtu, kwa kuona aibu. Barazani upungufu huo ungeonekana wiki ileile ulipoanza, ukiwa labda elfu mbili.

Mwaka 2021 mambo matatu yalikwenda sambamba bila yeyote kuyaona pamoja.

La kwanza ni orodha. Utaratibu wa kundi ulikuwa kunakili orodha ya mwisho, kuongeza jina lako na "nimetuma", kisha kuibandika upya. Wawili wakinakili orodha ileile kwa wakati mmoja, atakayebandika mwisho anamfuta mwenzake bila kujua. Na wapo waliojiandika kwanza wakitarajia kutuma jioni, jioni ikafika na mambo yake.

La pili ni gharama. Tarehe 15 Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilianza, na kutuma na kutoa fedha kukawa ghali ghafla. Baadhi wakaacha kuweka ya kutolea, yaani gharama ya kutoa fedha. Namba 2 alipotoa fedha za kukopesha, makato yakatoka kwenye kapu la kikundi, na hakuna daftari lililosema hivyo.

La tatu ni mkopo wa namba 11. Mwishoni mwa Agosti, Alhamisi usiku, aliomba 900,000 akiwa na akiba ya 300,000. Aliandika majina ya wadhamini wawili, namba 7 na namba 19. Mwenyekiti akajibu: "Kama hakuna pingamizi hadi kesho saa sita mchana, mkopo utatoka." Hakuna aliyejibu, na mkopo ukatoka. Namba 7 alikuwa safarini bila bando. Namba 19 alikuwa na kitochi, na yule jirani wa kumsemea hakumwambia kitu.

Namba 11 alilipa rejesho la kwanza, 345,000. Oktoba wamachinga wakaondolewa maeneo ya barabarani jijini, na kibanda chake kikaondoka nao. Hakusema. Alizima alama ya kuonyesha mara ya mwisho alipokuwa mtandaoni, akawa anasoma kimyakimya. Novemba vikaanza vijembe kwenye stetasi: picha za watu wanaokula kuku, na maneno ya hela za watu. Vijembe si kitu kipya kwetu, kanga zimevibeba miaka na miaka. Lakini mvaa kanga huonekana na mlengwa, na anajua mlengwa akigeuka kumtazama naye itabidi atazame. Stetasi ilitazamwa na wote, na mwenye kuiweka hakutazamwa na yeyote.

Wiki ya mwisho ya Novemba katibu alijumlisha orodha zote na kuzilinganisha na salio la laini. Pungufu 218,000. Akabandika namba hiyo kundini saa tatu usiku bila maelezo. Saa tano namba 4 akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne akimtaja mweka hazina kwa jina na kusema anakula fedha za wajane. Akaufuta baada ya dakika 40. Kati ya watu 22 waliokuwa kundini, 19 walikuwa wameshausikiliza na angalau watatu walikuwa wameshaupeleka kwingine. Usiku huohuo namba 2 akajitoa kundini, na presha yake ikapanda hadi akalazwa siku mbili. Kufikia Jumapili yalikuwepo makundi mawili ya pembeni, la watu tisa na la watu sita, na kundi kubwa halikusema neno.

Maamuzi na sababu zake

Mwezeshaji wa vikundi kutoka kata ya jirani aliitwa wiki ya kwanza ya Desemba. Uamuzi wake wa kwanza haukuwapendeza wengi: kikundi hakitavunjwa Desemba. Kugawana fedha huku hesabu haijulikani kungemaliza ushahidi na kikundi pamoja. Gharama yake ilikuwa kubwa, maana shule zinafunguliwa Januari, na familia kadhaa zilikopa kwingine ili kulipa ada.

Wa pili ulikuwa kufunga mdomo wa kundi. Mwenyekiti aliweka mpangilio unaoruhusu wasimamizi peke yao kuandika, akatuma ujumbe mmoja: kila mtu atatembelewa nyumbani, atunze ujumbe wote wa miamala kwenye simu yake. Baadhi walitaka mjadala umalizwe palepale "kila mtu aseme lake". Mwezeshaji alikataa kwa sababu moja ambayo tunaiona ya msingi: kwenye kundi, anayesema la mwisho huonekana ndiye mshindi, kwa hiyo hakuna anayekubali kunyamaza.

Kisha zikaja ziara. Watu wawili wawili, kila jozi ikiwa na mtu asiye wa kikundi kidogo cha mwenyeji, walizunguka nyumba 26 kwa siku tisa. Wa Muscat alipigiwa simu. Maswali yalikuwa matatu: ulituma lini na kiasi gani, kwa kuonyesha ujumbe wa muamala, ni jambo gani ulilitaka ukalinyamazia, ungependa kusikia nini na kutoka kwa nani. Mwenyeji alianza yeye kusema, wageni wakanywa chai. Ziara fupi ilikuwa dakika 35. Ndefu ilikuwa ya namba 11, saa mbili na nusu, na habari ya kibanda ilitoka baada ya saa nzima.

Sambamba na hilo, watu watatu, mmoja akiwa ni mwenye kitochi, walilinganisha vitu vitatu kwa siku sita: taarifa ya miamala ya laini iliyochapwa, ujumbe uliokusanywa kwenye ziara, na orodha za kundini. Wizi haukupatikana. Makato na tozo zilikuwa 163,000. Walioandikwa "nimetuma" bila fedha kufika walikuwa mara nane, jumla 140,000. Waliotuma na majina yao yakafutwa kwa kunakili walikuwa mara tano kwa watu wanne, jumla 85,000. Jumlisha mawili ya kwanza, toa la tatu, unapata 218,000 kamili. Anayefanya kazi hii aangalie hapo: pengo lililoonekana lilikuwa dogo kuliko makosa yenyewe, kwa sababu kosa la upande mmoja lilifunika la upande wa pili. Kulijaza pengo tu, kama namba 2 alivyofanya mwaka uliotangulia, kungewaacha watu wanne wakiwa wameibiwa bila mwizi.

Kikao kikaitwa Jumapili ya tatu ya Januari 2022, baraza lilelile. Walifika 23, na wa Muscat alikuwa kwenye spika. Simu ziliwekwa kwenye kapu la ukili, isipokuwa ile ya spika. Wawili waligoma, mmoja akiwa ameacha mtoto na homa nyumbani. Ikakubaliwa simu yake ishikwe na mzee wa kikao na iite kwa sauti. Huyu wa pili aliitoa baada ya kuona hilo.

Dakika 40 za mwanzo zilipotea. Mwenyekiti, kwa nia njema, alianza na ule ujumbe wa sauti, na watu wakaanza kubishana ulisema nini hasa. Mwezeshaji akasimamisha, akarudisha utaratibu wa zamani: kuita namba, kisha kumbukumbu, kisha hesabu. Hesabu zile tatu zikasomwa, na kila aliyehusika akatajwa kwa kiasi chake, akakiri au akapinga kwa kuonyesha ujumbe wake. Maneno yakaachwa hadi hesabu ifungwe. Ilipofungwa, sauti zilikuwa zimeshuka zenyewe.

Walichokubaliana: 163,000 zitoke kwenye faida ya riba, zisimguse mweka hazina. Wale wa 140,000 wakatwe kwenye mgao wao. Wale wa 85,000 waongezewe. Deni la namba 11, shilingi 690,000, ligawanywe miezi sita kwa 115,000 bila riba mpya. Wadhamini walifutiwa wajibu, kwa kuwa hawakusimama. Kikao kilimalizika baada ya saa tatu na dakika 40.

Matokeo

Mgao ulitoka mwisho wa Januari. Watu watano wakaondoka, 22 wakabaki. Namba 11 alimaliza deni kwa miezi saba badala ya sita.

Utaratibu mpya ni wa mchanganyiko. Wanakutana Jumapili ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya kikundi ya simu ambayo haitoi kitu bila idhini ya viongozi watatu, yaani zile kufuli tatu zimerudi kwa sura nyingine. Orodha anaiandika katibu peke yake, baada ya kuona muamala. Ya kutolea ni sehemu ya mchango, na asiyeiweka anaandikwa pungufu. Kundi la WhatsApp ni la matangazo, na kuanzia saa mbili usiku limefungwa. Mkopo hauombwi wala hauidhinishwi nje ya kikao, na mdhamini asiyesimama si mdhamini. Wa Muscat anapigiwa namba yake inapofika, anajibu swali la kumbukumbu kama wengine, na ameshalipa faini ya 500 mara mbili.

Katika miezi sita ya kwanza wastani wa mahudhurio ulikuwa 18 kati ya 22.

Uchambuzi

Tuanze na kimya, maana ndicho kilichotoa mkopo. Barazani kimya kina sura. Mtu asiyekubali huinamisha kichwa, hurekebisha ushungi, humtazama jirani. Mwenyekiti mzoefu huona akasema, "Mama, naona una neno." Ndiyo maana kanuni ya "asiyepinga amekubali" inaweza kufanya kazi mahali watu wanaonana. Ikihamishiwa kwenye simu inaokota pamoja aliyekubali, aliyechukia, aliyelala, aliyeishiwa bando na asiye na simu kabisa, na kuwahesabu wote ndiyo. Hata tiki za bluu hazisaidii, zinasema ujumbe umefunguliwa, basi. Kikundi kikilazimika kuamua jambo kwa simu, kihesabu waliosema ndiyo kwa maneno, kiwapigie walionyamaza mmoja mmoja, na idadi ilinganishwe na katiba kabla ya kutangazwa. Juni 2020 simu 13 zingetosha.

La pili ni salamu, na hapa ndipo tunadhani hasara ilikuwa kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kiswahili kina desturi ya kujibu kwanza vizuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Biashara? Salama. Kisha, muulizaji akiwa bado hajaondoka, linakuja neno "ila": salama, ila mjini wametuondoa. Hilo "ila" halitoki kwenye swali la kwanza, linangoja lione kama mtu anauliza kweli. Wakati wa chai na mihogo lilikuwa na nusu saa nzima ya kungoja. Kundini salamu ilikuwa moja ya asubuhi kwa watu wote, pamoja na picha ya ua, na majibu yake yaliishia "salama". Namba 11 alijibu "salama" Oktoba nzima na hakuwa amesema uongo wowote kwa kipimo cha lugha yetu. Alikuwa bado hajafika kwenye "ila".

Kuuliza kumbukumbu kwa mdomo wengi walikuona ni mchezo wa kupoteza muda, na ndicho kitu cha kwanza kilichoachwa. Kazi yake ni kuwafanya watu 27 wabebe salio kichwani, kiasi kwamba kosa la elfu mbili linapigiwa kelele siku hiyohiyo. Orodha ya kundini iliwapa wote uwezo wa kuona hesabu wakati wowote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeiangalia. Katika ziara, wanne tu waliweza kutaja salio la jamii kwa kukadiria.

Kusimama kwa mdhamini nako si heshima tupu. Mtu anayesita huchelewa kuinuka, na kuchelewa kule kumezuia mikopo mibaya zaidi ya kanuni yoyote iliyoandikwa. Jina lililochapwa na mkopaji mwenyewe halichelewi.

Kilichofanya kazi zaidi katika usuluhishi, kwa maoni yetu, ni ziara kuliko kikao. Watu waliingia barazani wakiwa wameshasikilizwa mara moja, hivyo hawakuwa na haja ya kupigania nafasi. Kapu la simu lilisaidia kidogo, na kama lingelazimishwa kwa yule mwenye mtoto mgonjwa lingevunja kikao kabla hakijaanza. Kufunga kundi kulizuia moto mkubwa lakini hakukufikia makundi ya pembeni, na lile la watu tisa lipo hadi leo, wakinadi vitenge humo. Tatizo la vitochi halikuisha pia: mabadiliko ya ghafla ya saa bado yanawapita, na mjumbe wa kuwaarifu husahau.

Kushindwa kukubwa kulimhusu namba 2. Kikao kilimsafisha kwa hesabu iliyosomwa mbele ya watu 23, namba 4 akamwomba radhi amesimama, naye akapokea. Wiki mbili baadaye alikuwa miongoni mwa watano walioondoka. Ule ujumbe wa sauti ulikuwa umefika kwa kwaya yake, kwa wifi zake mkoani na kwa mwenye nyumba wake, mahali ambapo hakuna kikao kinachoweza kuitwa na hakuna anayejua habari ya 163,000. Mwezeshaji alipendekeza namba 4 arekodi ujumbe mwingine wa kukanusha, naye akaurekodi siku hiyohiyo, dakika moja na nusu, ukawekwa kundini na ombi kwamba kila aliyeupeleka ule wa kwanza apeleke na huu. Namba 2 aliwauliza wifi zake mwezi Machi. Haukuwa umewafikia.